Ngojeni kura ipite

Watu wakiniuliza niliposwaje, huwa wanataka habari za pete na goti. Nawapa, maana hadithi yenyewe inachekesha na ina boti ndani. Lakini "ndiyo" yangu ilichukua kama dakika mbili. Ya Mama ilichukua miezi tisa kama mimba, na katikati yake kukawa na uchaguzi mkuu na kesi ya Mahakama ya Juu.

Nianze na friji.

Nina duka la agroveti hapa Nakuru: dawa za mifugo, mbegu, chakula cha kuku, na ushauri wa bure, ambao ndio watu huufuata zaidi. Chanjo za kuku lazima zikae kati ya digrii 2 na 8. Zikipata joto unamuuzia mtu maji, na kuku wakifa atarudi na mizoga kwenye gunia aimwage juu ya kaunta, wateja wengine wakitazama. Kwa hiyo Jumamosi moja friji ilipoanza kulia kama mbuzi aliyefungwa vibaya, nilipigia kila fundi niliyemjua. Wote walikuwa matangani. Aliyekuja alikuwa mgeni mjini, kijana mrefu mwenye mkoba wa vyuma, akapiga magoti nyuma ya friji, akanusa, akasema gesi imevuja.

Alipomaliza aliandika risiti. Jina lilianza na O. Nikamwambia, "Erokamano." Akainua kichwa. Nikaongeza sentensi mbili za Kijaluo, moja ya kumsifu na moja ya kuomba apunguze bei. Hakushangaa kwamba Mkikuyu anasema Kijaluo. Alichosema ni, "Hiyo lafudhi ni ya Manyatta."

Ni kweli. Nilizaliwa Kisumu, mtaa wa Manyatta. Baba alikuwa dereva wa lori na alifariki nikiwa darasa la pili. Mama aliuza nguo za watoto za mitumba pale soko la Kibuye, na usiku alishona marinda kwa cherehani ya Singer iliyokuwa imekula nusu ya chumba chetu. Alikuwa na wateja wa kila kabila, na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kwa sababu mimi nilijifunzia michezoni na yeye alijifunzia kwenye bei.

Desemba 30, 2007, jioni, matokeo ya urais yakatangazwa. Nilikuwa na miaka 12, nikingoja kuingia darasa la saba. Jirani yetu, mama Mjaluo, alituficha siku mbili kwenye stoo yake ya makaa. Baada ya hapo tulikaa kituo cha polisi, kisha tukapanda lori hadi Nakuru, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako maelfu ya watu walikuwa wakiishi kwenye mahema. Cherehani ilibaki. Mwishoni mwa Januari ghasia zikageuka, zikapiga Nakuru na Naivasha, na sasa waliobebwa na malori walikuwa Wajaluo, wakipelekwa kulekule tulikotoka sisi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133. Mama hakuwahi kutaja hesabu hiyo. Serikali ilipotoa shilingi 10,000 kwa kila familia, alishirikiana na mwanamke wa hema la pili wakanunua bale la sweta. Nakuru kuna baridi, alisema, sweta haziwezi kukosa mnunuzi. Hakukosea. Sweta ndizo zilizonisomesha.

Kijaluo alikiacha. Hakutangaza, alikiacha tu, kama mtu anavyoacha sukari. Nikimsalimia kwa Kijaluo kwa utani, ananijibu kwa Kiswahili.

Hayo yote nilimweleza fundi wa friji taratibu, kwa miaka miwili, kila mara friji ilipohitaji "kuangaliwa". Friji ile haikuwa mbovu kiasi hicho. Mama alimjua kama fundi, akamuuzia sweta mbili, na akanong'ona kwamba huyu kijana anafanya kazi polepole sana.

Mwisho wa 2021 alikuwa dukani anabadilisha bomba, akakata kipande chembamba cha shaba, akakipiga msasa, akaniambia, "Hebu jaribu hii." Kiliingia kidoleni sawasawa. "Robo tatu," akasema, kama mtu anayeongea na mashine, akarudi kwenye kazi yake. Nikakaa nacho kwa mchezo. Sikujua napimwa.

Machi 2022 akanialika Kisumu. Nilikuwa nimepita mjini mara kadhaa tangu nikue, lakini ufukwe wa Dunga sikuwa nimeukanyaga tangu utotoni. Alikuwa amekodi boti ya mbao na nahodha wake, mzee wa kofia ya sufu, jua likielekea kuzama. Mpango ulikuwa kwenda mbali kidogo, mashine izimwe, kimya kitawale. Alichosahau ni gugumaji. Mmea huu ulifika Ziwa Victoria miaka zaidi ya 30 iliyopita, asili yake Amerika Kusini, na hauna mizizi ya kuushika chini. Upepo ukigeuka, shamba zima linahama. Asubuhi unaona maji, jioni unaona kiwanja cha mpira.

Upepo uligeuka. Tulipotaka kurudi, kati yetu na nchi kavu palikuwa na majani mabichi tupu. Nahodha aliingia kidogo, magugu yakajiviringa kwenye mashine, ikakohoa, ikanyamaza. Kimya alichokitaka mwenzangu kikapatikana, ila hakikuwa na utulivu wowote. Nahodha akapiga simu waletwe watu wa kutuvuta. Mbu wakaja kwanza.

Nadhani alihesabu akaona kwamba akingoja hali iwe nzuri atazeeka. Akapiga goti pale ndani ya boti, ikainama upande wake, nahodha akapiga kelele "Kaa katikati!" na yeye akahamia katikati, bado kwa goti, kama mtu anayeosha sakafu. Akasema aliyokuwa ameyapanga. Sitayaandika hapa. Mimi nikabaki nimeduwaa, si kwa kutojua jibu, bali kwa kuwa nilianza kumfikiria Mama, pale pale, nikiwa nimezungukwa na Kisumu pande zote.

"Dada," akasema nahodha, "mjibu mtu. Giza linaingia."

Nikajibu. Akanivisha pete ya fedha. Nikainua mkono niitazame, na pete ikateleza kidoleni, ikagonga ukingo wa boti, ikaruka nje.

Lingekuwa ziwa safi, ningekuwa naandika makala nyingine. Pete ilitua juu ya jani la gugumaji na kukaa hapo, inang'aa, kama imewekwa kwenye sahani. Nahodha akalala kifudifudi, akanyoosha mkono polepole kama anayemnyemelea kuku, akaichukua. Akaifunga kwenye leso yake, akaiweka mfukoni, akasema ataturudishia tukifika nchi kavu kwa sababu ameona sisi wawili hatuaminiki.

Kosa lilikuwa la kiufundi. Bomba la friji la robo tatu ya inchi linaitwa hivyo kwa kipimo cha nje, yaani kama milimita 19. Kidole changu kilikuwa kimeingia ndani, ambako ni kama 17. Yeye alimtajia sonara robo tatu. Fundi mzima! Pete ikarudi kwa sonara, na mimi nikarudi Nakuru nimevaa kile kipande cha shaba, kwa sababu nilitaka kuvaa kitu.

Baadaye, kwa udadisi, nilisoma Sheria ya Ndoa ya 2014. Inasema ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjiwa ahadi anaweza kudai fidia. Nikamwambia akinikimbia shahidi wangu ni nahodha.

Sasa Mama.

Nilimkuta sokoni anakunja sweta. Hakutazama uso wangu, alitazama mkono. "Mbona kidole ni cha kijani?" Shaba na jasho ndivyo zilivyo. Nikamweleza. Akakunja sweta tatu, kila moja mara mbili, kisha akauliza, "Kwao ni wapi hasa?" Nikamjibu Kisumu. Alijua. Alitaka nitamke mwenyewe. Akakunja nyingine.

"Kura ni lini?"

"Agosti tisa."

"Ngojeni kura ipite."

Nilikasirika, sitadanganya. Nilimwambia watu wanaoana kila siku bila kungoja kalenda ya tume ya uchaguzi. Akasema, "Sijakataa. Nimesema ngojeni." Na kwa miezi iliyofuata, huo ukawa msimamo wake wote. Hakumsema vibaya fundi wangu. Aliendelea kumpa chai. Ila alikuwa akimwangalia vile unavyoangalia mawingu.

Msomaji ambaye hajaishi kwetu anaweza kuona ni ukaidi. Mimi nilikua naye. Nyumbani kwetu, kila mwaka wa kura, kuna begi jeusi linalokaa nyuma ya mlango. Lilikuwepo 2013, likawepo 2017. Ndani yake kuna kitambulisho chake, cheti cha kifo cha Baba, vyeti vyangu vya shule na sweta mbili. Mara ya kwanza tuliondoka bila karatasi yoyote, na ilimchukua miaka kuthibitisha kwa maofisa kwamba mimi ni mtoto wake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kuliko hata cherehani.

Agosti ilipofika, begi lilikuwa mahali pake. Nilipiga kura Nakuru, mwenzangu alishuka Kisumu kupiga yake. Kwa siku zile mpaka tarehe 15 matokeo yalipotangazwa tuliongea usiku kwa simu, kuhusu kila kitu isipokuwa kura. Nilimwuliza unga umefika bei gani huko. Aliniuliza friji inaliaje. Kesi ikaenda mahakamani. Septemba 5 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, na mji ukaendelea kuuza na kununua.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikakuta nyuma ya mlango pako wazi. Begi lilikuwa limekung'utwa, limeanikwa kambani. Mama alikuwa jikoni, mgongo kwangu.

"Waambie waje Desemba," akasema.

Walikuja wazee saba na akina mama wanne kwa matatu ya kukodi, kilomita zaidi ya 180 kupitia Ahero, Kericho na Mau Summit. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Nakuru inapita 1,800, na barabara yenyewe inapanda juu zaidi kabla ya kushuka kwetu. Wazee walivaa mashati ya mikono mifupi, yaliyopigwa pasi vizuri. Waliposhuka meno yalikuwa yanagongana. Kabla ya salamu, kabla ya maombi, Mama aliingia chumbani akatoka na rundo la sweta, akamgawia kila mmoja kwa kumpima kwa macho. Kuna picha ya siku ile ambayo naipenda kuliko zote: ujumbe rasmi wa posa umekaa sebuleni, na mzee wa kwanza kulia amevaa sweta yenye kulungu.

Upande wetu ulisemewa na baba mdogo. Kwetu kuna hatua zake. Kwanza ni kubisha hodi na kujuana nyumbani, halafu kuhanda ithigi, kupanda tawi, ishara kwamba kwa huyu binti wengine wasijisumbue. Hapo huletwa mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Ruracio yenyewe, yaani mahari, hufuata, na wazee husema haiishi. Kwao wanahesabu ng'ombe, na kabla ya ng'ombe kuna ayie, bahasha ya mama mzazi, neno lenyewe maana yake "nimekubali". Kwa hiyo kikao kilianza kwa tafsiri: mbuzi wangapi ni ng'ombe mmoja, na ng'ombe wa Nyanza ana uzito gani akifika bondeni. Nilimnong'oneza baba mdogo kwamba kwa ile sheria ya 2014, hata mahari ya kiishara tu inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Akanijibu kwamba walipoitunga sheria hiyo hawakuwauliza mbuzi.

Desturi ni kwamba bei ikikwama, upande mmoja unatoka nje kushauriana. Wageni wetu hawakutoka. Nje kulikuwa na baridi, na humu ndani, walivyoamini, Kijaluo nilikijua mimi tu, nami nilikuwa nimefungiwa chumbani na binamu zangu kama inavyopaswa. Wakaanza kushauriana palepale, mbele ya watu wetu, kwa sauti ya kawaida. Msemaji wao akasema mambo yanaenda vizuri, watoe bahasha ya mfuko wa kulia pekee, ile ya mfuko wa kushoto warudi nayo Kisumu ikasaidie nauli. Mwingine akasema mama wa msichana anaonekana mtu mpole, hatasumbua.

Mama mpole alikuwa akizunguka na birika. Nilikuwa nimechungulia mlangoni, nikamwona amesimama nyuma ya msemaji, anammiminia chai, uso hauna chochote. Akajaza kikombe mpaka ukingoni. Kisha, baada ya karibu miaka 15, akafungua kinywa.

"Awinjo," akasema. Nasikia.

Chumba kizima kikasimama. Akaendelea kwa Kijaluo cha Kibuye, kile cha kwenye bei, chenye kuvuta mwisho wa sentensi: "Na hiyo ya mfuko wa kushoto, imepanda gari kutoka Kisumu ije kutembea tu?"

Waliocheka kwanza walikuwa akina mama wa upande wao. Mmoja alishuka kwenye kiti. Msemaji alikunywa chai yote ya moto kwa mkupuo mmoja ili asiongee. Baba mdogo alidai atafsiriwe, na alipotafsiriwa akasema kikao kirudi mwanzo. Mwenzangu, aliyekuwa amekaa kona ya vijana, anaapa mpaka leo kwamba alisahau tu kuwatahadharisha wazee wake. Simwamini. Alikuwa na miaka miwili ya kukumbuka.

Vicheko vilipotulia, mzee mmoja mwembamba ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, ndiye huyo wa sweta ya kulungu, akamwuliza Mama kwa Kijaluo alijifunzia wapi.

"Manyatta."

"Ukaondoka lini?"

"Januari. Mbili elfu na nane."

Yule mzee akatazama kikombe chake. "Mimi pia," akasema. "Naivasha. Nilikuwa shamba la maua."

Mama hakusema pole, wala yeye hakusema. Mzee alikizungusha kikombe mkononi mara moja, akakinyoosha, na Mama akammiminia. Akakijaza taratibu, akasubiri aonje, akamwongezea sukari bila kuuliza. Baadaye nilijua kwamba njiani, walipokaribia Nakuru, mzee huyo alimwuliza dereva mara tatu kama kuna mahali barabara hiyo inapita Naivasha. Haipiti. Naivasha iko mbele ya Nakuru, ukielekea Nairobi.

Bahasha zote mbili zilitoka. Kiasi sitakitaja, baba mdogo husoma ninayoyaandika na bado anaona alipunjwa.

Aprili 2023 ikawa zamu yetu kwenda kuona kwao. Mama alikaa dirishani. Salgaa kimya, Londiani kimya, kwenye majani ya chai ya Kericho akalala au akajifanya amelala. Tulipoteremka tukafika Ahero, mashamba ya mpunga yakatanda na joto likaingia garini kama mtu, alivua sweta, akafungua dirisha lote, akakaa mkono nje.

Kwa wakwe tulikula samaki hadi tukashindwa kuinuka. Hayo yalikwenda kama yanavyokwenda. Ila kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika mpaka barabarani, na Mama akasema anataka omena. Nikamfuata. Alinunua gorogoro mbili, akabishana hadi akaongezwa konzi, kisha badala ya kurudi garini akaingia ndani zaidi, akakata kushoto, kulia, bila kuuliza njia. Masoko hubadilika, vibanda huhamishwa, lakini miguu yake ilikuwa na ramani yake.

Akasimama mbele ya msichana wa umri wangu hivi, aliyetandaza nguo za watoto juu ya turubai. Hawakujuana. Mama akachutama, akachagua sweta ya manjano ndogo kama viganja viwili, akaipindua aone mshono, akauliza bei. Msichana akataja. Mama akacheka, akataja nusu. Wakaenda hivyo dakika kumi, kwa Kijaluo, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu nikiwa mtoto, na mwishowe akalipa zaidi kidogo ya ile bei waliyokubaliana.

"Mama," nikamwambia tukitoka, "hiyo ni ya nani?"

Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba juu ya omena.

"Nakuru kuna baridi," akasema.